Kidude cha USB cha idara ya mishahara

Mwaka 2014 chumba chetu cha seva kilikuwa na mashine 46 na viyoyozi viwili, kimoja kibovu. Joto la Dar es Salaam mnalijua. Kuanzia Januari mpaka Machi tulikuwa tunaacha mlango wazi na kusimamisha feni pale kizingitini. Ofisi ni kubwa, ina matawi mikoani, na kwa miaka mingi kila idara ilijinunulia seva yake kwa bajeti yake. Nilipima matumizi kwa wiki sita nikakuta mashine nyingi prosesa zake hazipandi hata asilimia 10. Umeme zilikuwa zinakula, na joto zilikuwa zinatoa, basi.

Kilichotusukuma ni tarehe. Microsoft ilikuwa imeshatangaza kwamba baada ya Julai 14, 2015 Windows Server 2003 haitapata tena viraka vya usalama, na sisi tulikuwa nazo 19, nyingine juu ya mashine ambazo vipuri vyake vilikwisha sokoni. Tukaomba fedha za hosti tatu, yaani mashine kubwa za kubeba seva nyingi kwa pamoja, zenye RAM ya gigabaiti 256 kila moja, hifadhi ya diski ya pamoja, na leseni za haipavaiza ya kampuni ya VMware. Haipavaiza ni programu inayokaa juu ya mashine halisi na kuigawa, kila kipande, yaani seva pepe, kikajiona kina prosesa, RAM na diski zake. Hosti ikifa, seva zake huwashwa upya kwenye hosti zilizobaki, kwa kuwa diski zao ziko kwenye hifadhi ya pamoja. Ndiyo maana tuliomba tatu na tukajiwekea sheria ya kutojaza yoyote kupita theluthi mbili. Mkubwa mmoja wa fedha aliona theluthi ile iliyo tupu akataka kujua kwa nini tumenunua kitu tusichokitumia. Nilimuuliza tairi ya akiba ya gari lake huwa anaitumia lini. Akasaini.

Nilidhani kazi ni kuhamisha. Kumbe kazi ilikuwa kujua nini kinahamishwa. Seva sita hakuna aliyejua zinafanya nini. Moja tuliigundua kwa kuchomoa kebo yake ya mtandao saa nne asubuhi na kusubiri simu. Ilipigwa baada ya dakika 11, kutoka tawi la mkoani, na sitayaandika maneno niliyoambiwa. Tangu siku hiyo nikawa na daftari, la karatasi kabisa: jina la seva, inafanya nini, nani nimpigie, isizimwe lini.

Kuhamisha kwenyewe kuna mitego midogo. Seva ya Windows ukishainakili inapata kadi mpya ya mtandao ya kufikirika, lakini ile kadi ya zamani inabaki imejificha ndani ya mfumo ikiwa imeshikilia anwani ya IP. Ukiweka anwani ileile unaambiwa ina mwenyewe. Lazima uamuru vifaa visivyokuwepo vionyeshwe, ndipo uifute. Usiku wa kwanza nilipoteza saa tatu kwa jambo hilo. Na msidanganywe: seva ya 2003 ukiihamisha inabaki kuwa ya 2003. Zilizowezekana tulizipandisha toleo, zilizoshindikana tukazifungia kwenye kipande chao cha mtandao.

Sasa mishahara. Seva yake haikukaa kwetu, ilikuwa kwenye kona ya uhasibu, imefunikwa kitenge kuzuia vumbi. Nyuma yake kulichomekwa kidude cha USB chenye leseni. Bila hicho programu haifunguki. Mama aliyeisimamia alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu. Nilimwamkia, nikamweleza mpango wote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "hii nikiigusa naisikia inavuma. Hiyo yako nitaigusa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi na maneno ya kitaalamu, akanirudisha. Miezi miwili hivyo. Na kusema kweli shaka yake ilikuwa na msingi: kidude kile ningekichomeka kwenye hosti moja, hosti hiyo ikizimika seva ya mishahara ingewaka kwingine bila leseni, tarehe 24 ya mwezi. Dawa ilikuwa kisanduku kinachopeleka USB kupitia mtandao, seva pepe ikakiona kidude popote ilipo. Kisha nikamwita chumbani, nikamwambia achague hosti yeye mwenyewe. Seva ya majaribio, nakala ya ile yake, ilikuwa inakimbia humo. Akaonyesha ya katikati. Nikachomoa umeme wake. Baada ya dakika kama nne programu ikafunguka mbele ya macho yake. Hakusema kitu, ila siku mbili baadaye barua ya idhini ilikuwa mezani kwangu.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekuja kuharibu, miezi saba baadaye. Kabla ya kusasisha seva ya mafaili nilipiga snapshoti ili nipate pa kurudi, nikasahau kuifuta. Watu hudhani snapshoti ni bakapu, yaani nakala ya akiba. Si bakapu: diski ya asili inasimama, na kila badiliko linaandikwa kwenye faili la pembeni linalokua tu. Lilikua wiki tano, hifadhi ikajaa, na Jumatatu asubuhi seva tisa zikaganda kwa pamoja. Kilichotuokoa ni kwamba kila seva pepe inayowaka huweka kwenye hifadhi faili la swopu, la kutumia diski RAM isipotosha, lenye ukubwa wa RAM iliyopewa, kama haikutengewa RAM ya uhakika. Nikazima seva mbili za majaribio, mafaili yao ya swopu yakafutika, gigabaiti 32 zikarudi, zile tisa zikaamka. Snapshoti ile ilichukua hadi alasiri kujiunganisha na diski yake. Ya mishahara haikuwa miongoni mwa zile tisa, nashukuru.

Sasa tunahama tena. Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata leseni za kudumu zikaachwa kuuzwa, na hesabu yetu haikubali. Tunajaribu Proxmox, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, inayotumia KVM, haipavaiza iliyomo ndani ya Linux tangu 2007. Mara hii sikuanza na hosti. Nimeanza na daftari, na kurasa zake nyingi zimebadilika namba za simu.

Yule mama alistaafu. Mpaka mwezi wake wa mwisho, kila tukikutana kwenye ngazi na kabla sijamaliza kusema shikamoo, alikuwa ananiuliza, "Seva yangu leo imelala wapi?" Namwambia ya pili, au ya tatu, anaitikia marahaba na kuendelea kupanda.