Siku moja maishani mwangu: blauzi nne na birika moja

Saa 10:45 alfajiri. Kengele ya simu haijalia lakini mimi niko macho. Blauzi nne nilizipiga pasi jana usiku, zinaning'inia mlangoni. Countdown, ule mchezo wa televisheni wa Uingereza wa maneno na namba, hurekodiwa vipindi vitano kwa siku moja, ila mtazamaji anaviona siku tano mbalimbali, kwa hiyo kila mchezo unabadilisha nguo ili ionekane ni kesho yake. Ukifungwa mchezo wa kwanza unarudi nyumbani na mfuko wa nguo safi. Kwangu mimi aibu iko hapo, kwenye mfuko. Pointi watu wanasahau.

Nimeshashinda michezo minne siku ya kurekodi iliyopita. Leo nikishinda minne tena natimiza nane, na ukitimiza nane huchezi zaidi: unastaafu hujafungwa, unasubiri fainali za mwisho wa msururu ambako wanaitwa wanane bora.

Saa 12:20. Treni ya Bolton kwenda Manchester, watu hawasemeshani. Natoa daftari. Leo napitia herufi A, E, I, N, R, S, T, ambazo kwa Kiingereza zinazaa NASTIER, RETAINS, RETINAS, STAINER na nyinginezo. Nimezikariri jinsi tulivyokariri sura fupi madrasa: sauti kwanza, maana itakuja yenyewe. Kuna maneno nimeyatamka mbele ya kamera ambayo hadi leo sijui ni mnyama au ni chakula.

Watu huniuliza mwanamke wa Tanga kaingiaje huku. Ni kazi ya kea, yaani kutunza wazee. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi, saa nane mchana ikipita kidogo, sebule nzima inanyamaza na televisheni inaongezwa sauti. Mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, alinipa penseli wiki yangu ya pili pale akaniambia nikae. Yeye anasema ameitazama tangu tarehe 2 Novemba 1982, siku Channel 4 ilipoanza kurusha matangazo, na Countdown ndiyo ikawa kipindi cha kwanza kabisa cha stesheni hiyo. Wazo lilitoka Ufaransa, kwa Armand Jammot, aliyeanzisha mchezo wa herufi mwaka 1965. Namba zikaongezwa baadaye. Wafaransa wenyewe walikifunga kipindi chao mwaka 2024, jambo ambalo Mzee alilipokea kama taarifa ya msiba wa jirani.

Kwa asiyeujua mchezo: unaomba herufi tisa, irabu au konsonanti, bila kujua ipi inakuja. Saa kubwa ya ukutani inahesabu sekunde 30. Mwenye neno refu zaidi anachukua pointi, moja kwa kila herufi, na ukitumia zote tisa unapewa 18. Kwenye namba unapewa sita, halafu mashine inatoa shabaha ya tarakimu tatu, uifikie kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa; ukiipiga kamili ni pointi 10. Raundi ni 15, na ya mwisho ni fumbo: herufi tisa zilizovurugwa, anayebonyeza kwanza na kupatia anachukua 10.

Mwaka wa kwanza Mzee alinifunga kila siku. Ndiye aliyenionyesha hesabu ya mwaka 1997 ya James Martin, mshiriki wa Countdown, ambayo wapenzi wa mchezo wanaijua kwa moyo. Namba zilikuwa 25, 50, 75, 100, 3 na 6, shabaha 952. Yule bwana akajumlisha 100 na 6, akazidisha kwa 3 akapata 318, akaipiga kwa 75 ikafika 23,850, akatoa 50, akagawa kwa 25. 952 kamili. Mzee aliiandika nyuma ya bahasha ya dawa, mkono unatetemeka. Mwaka wa pili nikaanza kumfunga kwenye namba. Wa tatu nikamfunga hata kwenye herufi, akanuna siku mbili, kisha akaagiza fomu ya maombi akaijaza mwenyewe kwa jina langu.

Saa 1:40. Tramu imenishusha MediaCityUK, Salford, kwenye studio. Hapa zamani palikuwa bandari, meli zilipanda kwa mfereji kutoka baharini. Gati zilifungwa 1982, mwaka uleule kipindi kilipoanza. Mtoto wa Tanga hawezi kupita kwenye gati bila kutafuta winchi kwa macho, lakini leo ni vioo vitupu na upepo.

Saa 2:30. Chumba cha kungojea. Hakuna mtu anayekwambia kwamba kazi ya bingwa ni kungoja. Kungoja kupakwa poda. Kungoja kufungwa maikrofoni. Wapinzani wangu wote wa leo tumo humo ndani, tunakunywa chai pamoja na kuulizana habari za watoto, kila mmoja akijua kwamba mwenzake kaja kumrudisha nyumbani. Wema wao unachosha kuliko mchezo.

Saa 4. Mchezo wa tano, blauzi ya kijani. Umekwenda bila makuu. Mpinzani alikuwa kijana mwenye akili nyingi na haraka nyingi zaidi.

Saa 5:15. Mchezo wa sita, blauzi ya bluu. Huu nitausimulia mpaka nizeeke. Herufi zilitoka hivi: S, A, M, H, B, A, S, U, V. Nikaona SAMBAS, zile ngoma za Brazili, sita. Sekunde zinakwenda. Halafu mkono wangu ukaandika wenyewe SHAMBA, na S ile nyingine imekaa pale bila kazi.

Najua shamba imo kwenye kamusi ya Oxford, pamoja na askari, safari, panga na ugali. Tulizichukuliana tangu enzi za ukoloni. Kilichonisumbua ni wingi. Ulimi wangu wote unasema mashamba. Nilikuwa naogopa kutamka *shambas* mbele ya watu, kama anayeogopa kuvaa kandambili za mtu mwingine msikitini. Mpinzani kasema sita. Mimi nikasema saba. Yeye akatoa AMBUSH, kuvizia. Mimi nikatoa SHAMBAS, na macho yote yakahamia kona ya kamusi, anakokaa Susie Dent, mtaalamu wa maneno wa kipindi, tangu 1992.

Imo. Pointi saba, yeye sifuri. Naomba radhi kwa walimu wangu wote wa Kiswahili.

Saa 7. Chakula cha mchana. Nimekula viazi na nusu ya samaki. Watazamaji wa studio, wengi wao wastaafu, wanapita wakiniambia wanaipenda blauzi.

Saa 8:10. Mchezo wa saba, blauzi nyekundu, ambayo sitaivaa tena. Mama mmoja mwalimu, mtulivu kama maji ya mtungi. Hadi raundi ya 14 nilikuwa na 91, yeye 81. Limebaki fumbo. Kwenye ubao likatokea TAKERRACE.

Nilikodoa macho. Niliona taker, niliona race, niliona watu wanakimbia. Mwenzangu akabonyeza: CARETAKER. Mtu wa kutunza! Mimi ninayelipwa mshahara kwa kazi ya *care*, ambaye neno hilo limo kwenye kitambulisho ninachovaa shingoni, sikuliona. 91 kwa 91.

Mkilingana linaletwa fumbo jingine, na anayelipata ndiye mshindi. Studio ikawa kimya hadi nikasikia viatu vya mpiga kamera. Ubao ukageuka: NINEGREAT.

Mama yangu aliuza machungwa Soko la Ngamiani miaka ishirini na zaidi. Gunia likitoka Muheza, kazi yangu nikirudi shule ilikuwa kuchambua: machungwa huku, machenza kule, yaliyobonyea pembeni ya kutengenezea juisi. Sijui nilibonyeza saa ngapi. Nilisikia sauti yangu inasema TANGERINE. Chenza.

Nilikwenda chooni nikakaa dakika tano, nikabadilisha blauzi.

Saa 10. Mchezo wa nane, blauzi nyeupe. Nimechoka, na herufi zimeanza kuogelea. Nimeshikilia namba, kwa sababu hesabu nafanya kwa Kiswahili na Kiswahili hakichoki. Tulikuwa tumekaribiana sana zikaja hizi: 75, 9, 8, 6, 3, 2. Shabaha 869.

Mpinzani alikwenda njia ya kawaida: 9 na 2 ni 11, mara 75 ni 825, akaongeza 6 mara 8, akatoa 3. Akafika 870. Moja tu imezidi, na ingemtosha kama ningekosa.

Ila mimi 869 nilikuwa naifahamu. Kwa mama, mteja akinunua kumi anapewa moja ya nyongeza, kwa hiyo mafungu yetu yalihesabiwa kwa kumi na moja-moja. Mafungu sabini na tisa ni machungwa mia nane sitini na tisa. Kilichobaki ni kuyatafuta: 8 na 3 ni 11, 75 na 6 ni 81, toa 2 inabaki 79. Sekunde hazikuwa zimefika kumi na tano. Nikaweka kalamu chini, jambo ambalo Mzee huniambia kila siku nisifanye, ni dharau.

Mchezo ukaisha hivyo. Nane. Wakapiga makofi, nikapeana mkono na kila mtu, na kipindi cha tano nikakitazama nikiwa nimekaa na watazamaji, sina poda wala kiti cha bingwa.

Saa 1 usiku, kwenye treni. Matokeo hayaruhusiwi kusemwa hadi kipindi kitangazwe. Kesho saa moja asubuhi nina shifti, na Mzee ataniuliza, nami itabidi nimwangalie tu. Najua fika kwamba siku ikirushwa hatasema lolote kuhusu SHAMBAS. Atataka kujua imekuwaje nikakosa CARETAKER.

Tanga hawaipati Channel 4, kwa hiyo nimempigia mama. Kule usiku umeshaingia, lakini alikuwa anasubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshinda?"

"Nimeshinda yote, mama. Mara nane."

"Alhamdulillahi! Wamekupa shilingi ngapi?"

Nikamweleza kwamba huku hawatoi pesa. Mshindi anapewa birika la chai lenye jina la kipindi, na nilishalipata lile la mchezo wa kwanza.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mara nane," akasema, "birika moja. Hata vikombe hawakukupa?"