Kazan kwenye baridi kali: nilivyopiga picha na kamera haikufa

Nilipofika Kazan, huku Urusi, kusoma, kila aliyeniona na kamera alikuwa na ushauri. Kaka mmoja wa mwaka wa nne, Mtanzania mwenzangu, akaniambia, "Mdogo wangu, hiyo kamera ifungie kabatini mpaka mwezi wa tano, baridi ya huku itaiua." Mwingine akasema niivae kifuani ndani ya jaketi ipate joto la mwili. Sasa niseme wazi, picha zangu nzuri kuliko zote za mji huu nimezipiga kwenye theluji, na ushauri wa wote wawili ulikuwa mbovu.

Huo wa jaketi ndo unasambazwa sana, ngoja nieleze ulivyonifanya. Mtu anatoka jasho hata kwenye baridi, hasa ukipanda kwenda Kremlin, ile ngome ya kale ya Kazan, umejifunga nguo tatu tatu. Nilikuwa humo ngomeni, chini ya mnara wa Söyembikä, baridi imeshuka chini ya sifuri digrii ishirini na kitu, jua la pembeni limepiga yale matofali mekundu mpaka yanawaka, nikaitoa kamera kifuani ina joto na unyevunyevu wangu, aisee, hapohapo lenzi ikafunga nyeupe. Na si ule ukungu wa kufuta, ni barafu kabisa imeshika kwenye kioo. Ukipuliza inaongezeka, ukifuta inakuwa michirizi. Na mwezi wa kumi na mbili jua la Kazan linazama kama saa tisa mchana, kwahiyo nimesimama pale nahangaika na kitambaa huku mwanga unaondoka.

Kinachotakiwa kukaa kwenye joto ni betri, si kamera. Kamera iache ipoe na hewa ya nje, haina shida. Betri za akiba weka mfuko wa shati, karibu na mwili, ile ya kwenye kamera ikianza kuonyesha nyekundu itoe, weka nyingine, na iliyochoka irudishe kifuani, ikishapata joto inaamka unapiga nayo tena picha kibao. Kuna watu wanatupa betri nzima wakidhani zimekufa kumbe zimepoa tu.

Hatari yenyewe iko wakati wa kuingia ndani. Hosteli za huku zina joto kweli kweli, ukiingiza kamera ya baridi inalowa yote, nje mpaka ndani ya lenzi. Dawa yake ni mfuko wa plastiki wa zipu, hii ya kuwekea nyama kwenye friza, supamaketi ni hela ndogo tu, mia moja na kitu rubli unapata pakiti nzima. Ukiwa bado nje mlangoni, tia kamera, kamua hewa, funga. Ukiingia, unyevu wa hewa unageuka matone ya maji juu ya plastiki badala ya kwenye kamera, unayaona kabisa yanatiririka. Mi naswali, napika, nakula, ndo naufungua. Na hiki hakuna aliyeniambia, nimekigundua mwenyewe: kadi ya memori itoe hukohuko nje kabla ya kufunga mfuko, la sivyo utakaa masaa unaukodolea macho na picha zako zimo ndani.

Theluji nayo inadanganya kamera. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, theluji inatoka ya kijivu kama majivu. Ongeza mwanga hatua moja hivi. Ila msikiti wa Kul Sharif, ulio humohumo Kremlin, hata hiyo haitoshi, maana ni mweupe, paa la buluu, nyuma mawingu meupe, mbele theluji, mchana msikiti wote unamezwa na weupe. Nilivyofanya mi, nilivuka mto Kazanka nikaenda kwenye lile jengo la ndoa lenye umbo la sufuria kubwa, nikasubiri jua lizame. Zile dakika chache anga linapokuwa la buluu iliyokolea na taa za msikiti zimewashwa, ndo unaonekana wote na minara yake. Nikiuangalia namkumbuka imamu Kul Sharif mwenyewe, aliyeuawa mwaka 1552 akiutetea mji dhidi ya jeshi la Ivan wa Nne, mfalme wa Urusi. Msikiti huu umefunguliwa 2005, mji ulipoadhimisha miaka 1000, na kwa mimi niliyesoma madrasa tangu mtoto, kusimama pale kuna uzito wake.

Mnara wa Söyembikä umeinama kweli, ncha yake imetoka karibu mita 2 kwenye mstari wake. Shida ni kwamba lenzi pana inainamisha kila jengo, kwahiyo ukimtumia mtu picha anasema umekosea kushika kamera. Rudi nyuma, tumia lenzi ya kuvuta, washa mistari kwenye skrini, halafu tafuta nguzo ya taa iliyosimama wima uiingize kwenye fremu pembeni ya mnara. Hapo hakuna wa kubisha.

Kwa mitaa, mtaa wa Bauman kila mtu anaupiga. Mi napenda mtaa wa zamani wa Watatari, Waislamu wenyeji wa huku, nyumba za mbao za rangi, na msikiti wa Marjani uliojengwa miaka ya 1766 mpaka 1770 kwa ruhusa ya malkia wa Urusi, Catherine wa Pili. Asubuhi ya theluji mpya nenda mapema kabla hawajaizoa.

Na wavuvi wanaokaa juu ya barafu ya mto usiwaache. Unamsogelea babu, unasalimia, unauliza "mozhno?", yaani "naruhusiwa?", huku unaonyesha kamera, wengi wanakubali. Mmoja nilimpiga picha ya mikono tu, hana glavu, vidole vyekundu, anakomba vipande vya barafu kwenye tundu kwa upawa wenye matundu, pembeni visamaki vya kiganja vimeshaganda vikakakamaa kama vijiti. Akataka picha, nikamtumia kwa Telegram ya mjukuu wake. Pita palepale wanapopita wao, na mwezi wa tatu ukianza kuisha barafu inalegea, usishuke mtoni hata ukiona watu wamekaa, piga ukiwa ukingoni.