Mzee wa Kwenye Kiti cha Plastiki

Kila Jumamosi ninapoingia katika duka kubwa tunalonunulia chakula hapa Lubumbashi, wa kwanza kuniona si mlinzi bali mzee aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, mahali anapoweza kutazama meza zote za malipo kwa mkupuo mmoja. Ndiye mwenye mali. Tawi la pili liko chini ya mwanawe, la tatu chini ya mpwa wake, na mauzo ya matawi yote humfikia yeye kila jioni.

Nilipomwuliza mama yangu kwa nini mtu wa umri ule haajiri meneja akapumzika, alinijibu, "Mwanangu, wewe hukuona mwaka wa 73."

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitatwaliwa na kukabidhiwa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Katika mji huu, ambako Wagiriki na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walikuwa na maduka mengi, wengi wa waliopewa maduka hayo hawakuwahi kufanya biashara. Waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, wala hawakuagiza vingine. Mama anakumbuka duka moja lililobakiwa na viberiti na siki. Mwaka wa 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenyewe, lakini mwaka wa 1991 ukaja uporaji. Aliyepitia hayo yote hawezi kumwachia mtu baki funguo.

Hata hivyo, undugu una gharama yake, na sisi wanunuzi ndio tunaoilipa. Mpwa yule aliwahi kuniuzia maziwa yaliyopitwa na tarehe, na bado yuko pale pale, kwa maana nani atamfukuza mtoto wa dada yake?

Juma lililopita mama mmoja alitoa noti ya dola 20 iliyochanika ukingoni, mpasuko usiozidi punje ya mchele. Msichana wa malipo aliikataa, kama zinavyokataliwa kote mjini, na mama akaanza kurudisha unga wake. Mzee aliinuka, akaitazama noti kwenye mwanga, akamrudishia. "Mama, hata mimi hawatanipokelea. Beba unga, utaniletea nyingine." Kisha akatoa daftari mfukoni, akaandika, akarudi kuketi.

Kwa mpwa, unga ule ungerudi kwenye rafu.