Kamera juu ya ukuta wa Heʻeia

Anayetaka kupiga picha msaragambo wa bwawa la samaki la Heʻeia, kisiwani Oʻahu, Hawaii, aujue kwanza ukuta wenyewe. Unazunguka kilomita 2 hivi: nje mawe meusi ya volkano yaliyopangwa bila saruji, katikati matumbawe. Mafuriko ya 1965 yaliutoboa; shirika la Paepae o Heʻeia, lililoanzishwa 2001, likasimamia wanaojitolea hadi pengo likazibwa 2015. Ukarabati bado unaendelea. Asiyejua haya hurudi na picha za watu wakicheka na ndoo, ambazo zingepigwa popote.

Mtego ni rangi. Mawe meusi yakijaa kwenye fremu, kamera inaongeza mwanga yenyewe, na matumbawe yanaungua yakabaki weupe mtupu. Punguza mwanga kwenye kamera hadi hatua moja (stop), nyuso utazing'arisha baadaye kwenye kompyuta. Mawe yanapopokezanwa, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde huyagandisha. Kwa 1/30 mikono inaacha mkia, na mimi naona hiyo ndiyo inayofanana na kazi. Lenzi ya milimita 35 yatosha. Usiibadilishe ukutani: upepo unatoka baharini na chumvi yake. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi iache ndani ya begi nusu saa, la sivyo kioo kinafanya ukungu.

Wimbo wa kuomba ruhusa ya kuingia ukianza, kamera ishuke mpaka wenyeji waseme.

Halafu kuna mikoko. Msomaji wa Lamu au Rufiji atashtuka kuona inakatwa, tena kwa furaha. Kule ni mmea mgeni: ilipandwa Molokaʻi, kisiwa kingine cha Hawaii, mwaka 1902 kuzuia udongo, ikasambaa, na mizizi yake huingia kati ya mawe na kuyasukuma mpaka ukuta ufumuke. Picha ya mtu na msumeno isitoke bila maelezo chini yake, maana itasomeka kama uharibifu.

Wenyeji hufaidika zaidi na picha za kabla na baada kuliko zile za kupendeza. Simama palepale, lenzi ileile, na uandike saa na kama maji yamejaa au yamekupwa. Ya kwanza ikipigwa maji yamejaa na ya pili yamekupwa, ukuta utaonekana umerefuka kumbe hakuna hata jiwe moja lililoongezwa.