Siku moja maishani mwangu: kutafuta bikoni za mkoloni

Watu wakituona njiani na stendi ya miguu mitatu na fulana za manjano, wengi hudhani tumekuja kuwafukuza. Mimi ni fundi wa upimaji ardhi pwani ya Kenya, nafanya kazi chini ya sahveya mwenye leseni, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufuata vipimo vya watu waliokwisha kufa, na kutafuta bikoni, yaani alama za mpaka walizozisimika ardhini. Nimeona niandike Jumatano moja nzima, mjue tunachofanya.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai, mahamri, mbaazi. Betri za GPS zilichajiwa usiku. Sururu, jembe, panga, maji, mashine ya kunusa chuma, na bahasha ya nakala za ramani.

Saa kumi na mbili na nusu. Tunavuka daraja la mto Sabaki kuelekea upande wa Mambrui.

Saa moja na nusu. Tunaanzia kwa mzee wa kijiji, ajue sisi ni nani, tumetumwa na nani na tutachimba wapi. Sahveya anayeruka hatua hii hukuta mchana chombo chake kimezungukwa na vijana, na mimi siwalaumu. Kijiji hiki kimeshaona karatasi nyingi.

Karatasi ya leo ni nakala ya ramani ya serikali ya mkoloni. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hatimiliki kwa pwani hii, ule ukanda wa maili 10 uliohesabiwa ni wa Sultani wa Zanzibar. Mwenye shamba alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili. Akikubaliwa, shamba lilipimwa, akapewa cheti chenye ramani. Ardhi ambayo haikudaiwa iliandikwa ya serikali. Wamijikenda wengi hawakuingia kwenye daftari hilo hata kidogo, na Wagiriama waliokuwa wakilima kaskazini ya mto huu walihamishwa kwa nguvu mwaka 1914, mwaka mmoja baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza kuwapinga Waingereza, kukamatwa. Hadi leo wajukuu wa watu wale wanaitwa maskwota kwenye mashamba ya babu zao. Ramani yenyewe ni safi sana, mistari minne ya wino yenye pembe na urefu kwa futi. Ndani ya mistari ile ni peupe. Hakuna nyumba, hakuna kisima, hakuna mtu.

Saa mbili na nusu. Bikoni ya kwanza tunaipata kando ya njia ya ng'ombe, kipande cha saruji kilicholika chenye chuma cha unene wa dole gumba katikati. Ya pili iko chini ya mchanga, kina cha mkono hadi kiwiko. Ramani inasema kati ya hizo mbili ni futi 1,320, yaani mita 402.34. Chombo changu kinasoma mita 402.29. Sentimita tano tu!

Ningependa mtu asome tena sentensi hiyo. Kazi ile ilifanywa kwa theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, na mkanda wa chuma, kwenye jua hili hili. Mkanda wa futi 300 ukizidi joto kwa nyuzi 10 hurefuka kama sentimita moja, kwa hiyo mpima alibeba kipimajoto na kusahihisha kila alipovuta. Ofisi za upimaji za mkoloni zilikuwa na mzunguko wake wa mwaka. Kiangazi ni porini, kufyeka laini za kupimia na kusimika mawe. Masika ni mezani, kupiga hesabu kwa majedwali ya logi, kuchora na kukaguana. Mwaka ukiisha mkuu wa idara anaandika ripoti: mashamba yaliyopimwa, ramani zilizokaguliwa, ada zilizoingia, viporo vilivyobaki. Vibarua Waafrika waliofyeka laini zile, wakavuta mkanda na kubeba saruji kichwani, hutawakuta kwa majina. Usahihi ule ni wao pia. Nikishika chuma kile nawaheshimu wao kwanza.

Saa nne kasorobo ndipo siku ilipogeuka.

Bikoni ya tatu haikuwepo. Futi zimegeuzwa mita, mfumo wa zamani wa ramani uitwao Cassini umehamishiwa kwenye ule tunaoutumia sasa, chombo kinanielekeza hadi kwenye kichaka, na mashine ya kunusa chuma haitoi sauti. Tukafyeka. Kichaka kilikuwa na upupu. Asiyeujua upupu amshukuru Mungu: unaingia shingoni, mikononi, ndani ya soksi, na ukijikuna ndiyo unausambaza. Tukachimba shimo la kwanza, hamna. La pili, mawe ya matumbawe. Jua likapanda, maji yakapungua, na simu ya mteja ikawa inalia.

Mteja alinunua shamba hili karibuni. Alipiga kuuliza tumefika, akapiga kuuliza tumemaliza, kisha akaja mwenyewe na gari, akasimama kivulini. "Madam, sahveya mwenyewe anakuja saa ngapi?" Nikamwambia kazi ya uwanjani ni yangu, na sahveya atakagua hesabu na kusaini. Akamuuliza swali lile lile kijana ninayefanya naye kazi, ambaye ameanza juzi tu.

Kumbe mafundi wake walikuwa wameshachimba mtaro wa msingi wa ukuta. Akanionyesha kwa kidole pembe ya mtaro. "Weka bikoni hapa. Hapa ndipo nilipoonyeshwa nikinunua." Nikamweleza kuwa bikoni haiwekwi mahali mtu alipoonyeshwa. Inawekwa pale vipimo na ushahidi wa ardhini vinapokubaliana, na Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inamhesabu mkosaji anayeng'oa au kusogeza alama. Akasema yeye amelipa. Nikasema ndiyo, umelipa tukutafutie mpaka. Akasema sahveya mwingine angeshamaliza. Nikachukua sururu nikarudi shimoni, maana mtu wa namna hiyo ukibishana naye unapoteza mchana wote, na mimi mchana nauhitaji.

Aliyetusaidia ni mzee aliyekuwa akitutazama tangu asubuhi kutoka uani kwake. Alikuja polepole, akanisalimia, akauliza, "Mwanangu, mnatafuta jiwe la mkwaju?" Nikahisi nywele zinanisimama. Kwenye nakala ya daftari la shambani, kando ya pembe ya tatu, mpima alikuwa ameandika kuna mkwaju mkubwa hatua chache kusini. Mimi sikuuona mkwaju wowote. "Ulikatwa makaa," mzee akasema, "lakini kisiki kipo." Akatupeleka. Kisiki kilikuwa ndani ya kichuguu, nje ya kichaka chetu. Tulipopima kutoka kisikini na kuchimba, sururu iligonga saruji.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Adhuhuri ilikuwa imepita zamani.

Bikoni ile ilisema mambo mawili. La kwanza, mtaro wa mteja umevuka mpaka kwa karibu mita saba na kuingia kwa jirani. La pili, nyumba ya mzee, na za wanawe, ziko ndani ya hati ya mteja. Mzee alilijua la pili kabla yangu. Ametuonyesha jiwe hivyo hivyo, akijua. "Baba yangu amezikwa pale," akaniambia, akaelekeza chini ya mwembe. Nilimweleza ninachokijua: aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kukatizwa, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kudai, na mahakama ya ardhi iko Malindi. Nikamsihi amwone wakili. Zaidi ya hapo sina mamlaka, na hilo huniuma kuliko upupu.

Bikoni ya nne ilikuwa imeng'olewa, tukairudisha kwa hesabu jioni jioni, tukafungasha.

Usiku nimekaa mezani kuandika taarifa. Bikoni tatu zimepatikana, moja imerudishwa. Mtaro wa ukuta umevuka mpaka. Mteja aliagiza pembe nne tu, lakini nilikuwa nimechukua pointi za kila kitu kilichomo: nyumba nne, kisima, minazi, mwembe na makaburi. Vyote nimevichora na kuvipa maelezo, na mchoro unapelekwa kwa sahveya kesho asubuhi ukiwa navyo.