Saa kuukuu ya wazamiaji wa jeshi, na hewa ya Mombasa

Saa ya mzamiaji wa jeshi haikutengenezwa ipendeze, na ndiyo maana inapendeza. Itazame Submariner ambayo Rolex iliwatengenezea wanamaji wa Uingereza miaka ya 1970. Akrabu zake ni pana kama panga, zisomeke hata maji yakichafuka. Pete ya juu, inayozunguka kioo, ina alama za dakika zote 60, ilhali ya kiraia iliishia dakika 15 za mwanzo. Vijiti vya kushikia mkanda vimechomelewa kwenye chuma chenyewe na mkanda wa nailoni unapita chini yake, kwa hiyo hakuna springi ya kuchomoka.

Bei yake sasa ni ya nyumba, na za bandia zimejaa. Ukiona herufi T ndani ya duara usoni, hiyo ni tritiamu, kitu chenye mionzi kinachofanya alama ziwake gizani, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na ushei. Ya mwaka 1972 haijabakisha hata sehemu moja kwa kumi. Imulike kwa tochi ya simu dakika moja kisha uzime taa: ikiendelea kuwaka kijani kibichi, kuna mtu ameipaka rangi upya. Za kabla ya miaka ya 1960 huenda zina radiamu, yenye mionzi ya hatari zaidi. Hizo usizikwangue kabisa.

Kwa mfuko wa kawaida, tafuta Amphibia ya Vostok, ya kiwanda cha Chistopol, Urusi, iliyoanza 1967 kwa kina cha mita 200. Warusi walitumia akili badala ya vyuma vya gharama. Mfuniko wa nyuma ni vipande viwili: kisahani kinachokalia raba pana bila kuzunguka, na pete yenye hesi inayokikaza, hivyo raba haisokotwi. Ukishuka, maji yenyewe yanakigandamiza kisahani, na kioo cha plastiki nene kinazidi kubana. Ufunguo wake, yaani kile kifundo cha ubavuni cha kurekebishia akrabu, ukiuvuta unachezacheza kama umevunjika. Haujavunjika, ndivyo ulivyo. Wengi wameirudisha saa nzima kwa ajili ya hilo tu.

Shida ya hapa kwetu ni hewa. Fundi anaifungua saa barazani saa saba mchana, anabadilisha raba vizuri, anaifunga pamoja na unyevu wote wa Mombasa. Mwenyewe akiingia benki penye eyisi (kiyoyozi), kioo kinapiga ukungu, na fundi analaumiwa kwa raba ambayo haina kosa. Ukungu mwembamba uliotanda kioo kizima, ukaondoka saa ikipata joto, mara nyingi ni hewa iliyofungiwa. Matone au kutu karibu na ufunguo ni maji yaliyoingia. Ya kwanza inafunguliwa na kufungwa tena ndani ya chumba cha eyisi. Ya pili inafunguliwa leo, si kesho, kabla chumvi haijala mashine.

Raba mpya ipakwe grisi ya silikoni, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya mgando ya kujipaka hulegea kwa joto na kutambaa ndani.

Baada ya baharini, isuuze saa, ufunguo ukiwa umekazwa, huku ukizungusha pete, maana chumvi ikikauka chini yake inaganda kama saruji. Lakini usisuuze kwa maji ya kisima bila kuyaonja: visima vingi vya kisiwani vina chumvichumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Kabla ya kuizamisha, ilaze kwenye sahani ya chuma yenye joto la nyuzi 40 hivi, nusu saa. Dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, pangusa. Ukungu ukibaki upande wa ndani, saa hiyo ni ya nchi kavu. Kioo kikiwa safi, ndani hamna unyevu, lakini hapo hujajua kama itahimili kina. Kwenye mabaki ya meli ya MV Dania, yaliyozamishwa 2002 karibu na Bamburi, utakuwa mita kama 30 chini, presha mara nne ya hapa juu. Ipimwe kwanza kwa mashine ya presha.