Kopo chini ya kitanda cha bibi

Kinyonga dume wa pembe tatu alinunuliwa kwa shilingi 200. Jike, kwa kuwa hana pembe, shilingi 50, na siku ambayo mjomba ameamka vibaya, jike alikuwa bure. Hiyo ni Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, mwaka 1999. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimerudi likizo ya Juni kwa bibi mzaa mama.

Mjomba hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtu wa katikati. Mfanyabiashara mwenyewe, mwenye kibali na gari, alipanda kutoka Dar es Salaam kila baada ya wiki mbili au tatu, akahesabu mzigo, akalipa, akateremka nao Muheza kabla jua halijawa kali. Walikokwenda baada ya hapo sisi tulipaita Ulaya, hata kama ni Marekani. Kazi ya mjomba ilikuwa kununua kwa watoto, na watoto ndio sisi.

Kinyonga hatafutwi mchana. Mchana unaweza kusimama naye uso kwa uso usimwone. Usiku ndipo anapojitoa mwenyewe: akilala rangi yake inapauka, na ukimulika tochi pale chai inapoishia na msitu unapoanza, unaona kitu cheupe-cheupe kimekunja mkia kwenye ncha ya tawi. Unakata tawi lote na kuondoka nalo. Ukimvuta atang'ang'ania kwa miguu yote minne na mkia juu yake, na utamvunja vidole. Kila mmoja na mfuko wake, maana madume wawili wakikutana wanasukumana pembe kwa pembe kama mabeberu.

Tuliwaweka katika banda la kuku la zamani ambalo mjomba alilizungushia chandarua kilichochakaa. Kuwalisha na kuwanywesha kulikuwa juu yangu. Maji ya bakuli kinyonga hayaoni kabisa. Anataka tone linaloning'inia kwenye jani. Basi asubuhi na jioni nilichovya kitawi kwenye ndoo na kuwanyunyizia, nao wakalamba taratibu, jicho moja likinitazama mimi na jingine likiandama nzi. Nzi hawakuwa tatizo. Pasua fenesi lililoiva kupita kiasi, liweke katikati ya banda, kaa pembeni. Ulimi unatoka mrefu kuliko mwili wenyewe, na unarudi kabla hujajua umetoka.

Bibi hakulikaribia banda lile. Akitaka kuni alizunguka nyuma ya jiko, safari ya hatua themanini badala ya kumi, khanga ameikaza kifuani. Kwake kinyonga hakuwa mnyama, alikuwa mkosaji. Mungu alimtuma aje kutuambia kwamba hatutakufa, naye akaja kwa mwendo wake ule wa kwenda na kurudi, mpaka mjusi akampita njiani na habari nyingine.

"Babu yako yuko pale migombani kwa sababu ya huyo unayemnywesha maji," aliniambia.

Lakini pesa ya mjomba aliipokea, na mafuta ya taa yalinunuliwa.

Wiki ya pili ya likizo, jike mmoja alianza vituko. Alikuwa mnene, tumbo limejaa vinundu kama mfuko wa njugu. Aliacha kula. Badala ya kukaa juu ya matawi kama wenzake alishuka chini, akatembea huku na huko kwenye kona, akaparua sakafu ya udongo mgumu kwa mikono ile yenye vidole vilivyogawanyika kama koleo, akachoka, akapanda, akashuka tena. Rangi ilimgeuka, madoadoa meusi juu ya kijani. Mjomba akasema ana minyoo, nimtupe asije akaambukiza madume.

Sikumtupa. Nilimpeleka kwa mzee mmoja jirani aliyewahi kufanya kazi na watafiti waliokuwa wakija kwenye msitu wetu. Ndiye aliyenifundisha kwamba kinyonga wetu anaitwa kwa jina la Derema, pale pale tunapokwenda kwa mguu: wataalamu humwita *deremensis*. Nilijivuna wiki nzima, kana kwamba ni mimi niliyeitwa. Mzee alimtazama yule jike, akamgusa tumbo kwa upande wa kidole, akacheka.

"Huyu anatafuta udongo. Mpe udongo umwache. Na asipoupata atakufa na mayai tumboni."

Nilijaza ndoo udongo mweusi wa msituni, wenye unyevu lakini usiochuruzika, nikamweka juu yake jioni na kufunika kwa gunia. Niliambiwa nisichungulie, nikachungulia. Alichimba akitanguliza kichwa hadi akapotea, ukabaki mkia. Nilipochungulia tena amegeuka, kichwa ndicho kiko juu, macho nusu yamefumba. Sikulala vizuri. Alfajiri shimo lilikuwa limefukiwa na kushindiliwa, naye yuko kwenye ukingo wa ndoo, amekonda, mifupa ya nyonga imechomoza. Alikunywa maji muda mrefu kuliko kinyonga yeyote niliyewahi kumnywesha.

Siku tatu baadaye gari lilikuja. Mjomba alikuwa na upungufu wa majike mawili kwenye hesabu, akamtia mfukoni. Nilisema hajapata nguvu. Mjomba akauliza nguvu za kufanyia nini, atapanda ndege. Nilifunga ule mfuko mimi mwenyewe, fundo langu, na shilingi zangu 50 nilizipokea.

Ya mayai sikumwambia mtu. Nilikwangua udongo kwa kijiko na kukuta 27, meupe, ganda laini kama ngozi, kila moja kama harage. Mzee alinionya nisiyageuze: lilivyolala ndivyo nilichukue, ndivyo nililaze. Niliyahamishia kwenye kopo la maziwa ya unga, safu moja, nikafunika kwa udongo na kutoboa kifuniko kwa msumari. Nyumbani hapakuwa na mahali penye giza, ubaridi wa wastani na pasipofika kuku isipokuwa sehemu moja. Kwa hiyo Julai nilirudi shule Tanga nikiwa nimeacha mayai ya yule mkosaji chini ya kitanda cha bibi.

Mtu mzima ningeogopa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilichowaza ni kwamba mayai 27 yakiwa madume yote ni shilingi 5,400.

Muhula mzima niliyasahau na kuyakumbuka. Mwanzoni mwa Desemba nilipanda basi la Muheza, kisha lile gari la mlimani linalojaza watu mpaka juu ya mabegi, nikafika giza limeingia. Shikamoo, marahaba, ugali. Bibi alipotoka kwenda kuzima moto nilipiga magoti na kuvuta kopo, moyo ukinidunda, nikitegemea vumbi na uvundo.

Udongo ulikuwa na unyevu. Kifuniko changu kilikuwa kimeondolewa, na juu yake pamefunikwa kipande cha jani la mgomba, kibichi, cha siku hiyo au jana yake.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na koroboi.

"Mengine yalioza. Nikayatoa kwa kijiko."

"Bibi, unajua ni ya nini?"

"Mimi ni mtoto?" Akaweka koroboi chini. "Niliona udongo umekauka nikanyunyiza. Kitu kikikauka si unanyunyiza?"

Hakuongeza neno. Aliketi kitandani, juu ya lile kopo, akaanza kujipaka mafuta miguuni. Yalibaki 16, yamevimba karibu mara mbili ya nilivyoyaacha. Tangu siku hiyo nilihamia chumbani kwake kwa mkeka.

Siku ya nne, asubuhi, mayai yalitoa jasho. Sina neno jingine: matone madogo juu ya kila ganda. Mchana la kwanza likachanika kwa juu mfano wa nyota, pua ikatokeza, ikapumzika saa nzima. Bibi aliangalia kutoka mlangoni, mdomo ameuziba kwa ncha ya khanga. Kufikia kesho yake walitoka 14, rangi ya majani makavu, kila mmoja hazidi kidole changu cha mwisho, wakitembea kwa kuyumba kama wazazi wao bila kufundishwa na yeyote. Dume na jike huwezi kuwatofautisha, pembe bado. Niliwawekea ndizi zilizooza ndani ya ndoo yenye matawi, na vinzi vidogo vikaja vyenyewe.

Mjomba alikuja Jumapili, akawaona, macho yakamtoka. Akasema tuwakuze miezi michache, wenye pembe wataonekana, tuwe na shamba letu wenyewe, tusizunguke tena usiku. Wazo halikuwa baya. (Biashara yenyewe ilikuja kufungwa mwaka 2016, serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, mjomba wakati huo alishahamia kwenye iliki zamani.)

"Hawa wamezaliwa chumbani kwangu," bibi alimwambia. "Hutawahesabu."

"Mama, wewe si unawaogopa?"

"Nawaogopa. Hutawahesabu."

Jumatatu nilibeba ndoo hadi ukingo wa msitu, bibi nyuma yangu hatua kumi, hakukubali ziwe tisa. Niliwapandisha mmoja mmoja kwenye vichaka. Kumi na watatu waliondoka upesi. Wa mwisho aligoma kwenye mpini wa ndoo, mguu mmoja hewani, akipepea mbele na nyuma. Mawingu yalikuwa yameshajaa. Nikatikisa mpini.

"Usimharakishe," bibi alisema kutoka kule alikosimama.

Mvua ilianza. Alijitanda khanga kichwani, akangoja.